Drama si ya kunawa mikono tu

Ndugu zetu, dada zetu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusomaga hapa, leo tuko na jambo ambalo linaweza kuwauma wengine. Sisi wenyewe limetuuma kwanza.

Kila mwaka mwezi wa tano ukielekea kwisha, simu zinaanza. "Vijana, tarehe 20 Juni inakaribia, tunahitaji drama ya dakika kumi." Siku ya Wakimbizi Duniani hiyo. Karatasi inakuja ikiwa imeshaandikwa: baba mlevi, mama anapigwa, binti wa miaka kumi na tano anataka kuozeshwa, halafu anatokea mtu amevaa fulana ya shirika, anasema maneno matatu, baba anatubu, watu wanapiga makofi. Mwaka mwingine ni kunawa mikono. Mwaka mwingine ni chandarua. Tunafanya mazoezi siku tatu, tunapewa soda na pesa ya usafiri, tunapigwa picha, kwisha. Kuna mmoja wetu ameigiza huyo baba mlevi mara nyingi mpaka watoto wa jirani wanamwita Mzee Pombe, na yeye hajawahi kuonja hata glasi moja.

Hatukatai chandarua, malaria tunaijua. Lakini tumeonja drama ya aina nyingine, ndiyo maana tunasema.

Baadhi yetu tulisoma sekondari Budondo. Kwa wasiopajua, Budondo iko kaskazini ya mji wa Jinja, upande wa mashariki wa mto Nile. Ni miwa, mahindi, vumbi jekundu na boda. Tulifika S1 tukiwa watatu kutoka Kongo, tumelipiwa ada na wafadhili. Tulikuwa na Kiswahili na kipande cha Kifaransa. Kiingereza hatuna, Lusoga hata salamu hatuna. Na Kiswahili chenyewe huku Uganda, si mnajua, wazee wengi wanakikumbuka kama lugha ya askari wa zamani na wezi. Tukiongea bwenini wenzetu wanatupigia saluti, "Ndiyo afande!" Wanacheka. Basi tukanyamaza. Muhula mzima tulikuwa watu wa kimya. Mwalimu akiuliza swali tunaangalia viatu.

Madamu wa Kiingereza ndiye alikuwa patroni wa klabu ya drama. Tusiwadanganye, hakutuita kwa sababu aliona kipaji. Alikuwa anatafuta watu wa kubeba mabenchi. Tukabeba mabenchi. Wiki iliyofuata tukatundika mashuka ya bwenini yawe pazia. Halafu siku moja yule aliyekuwa anaigiza polisi akashikwa na homa, na mmoja wetu akasukumwa mbele. Polisi yule alikuwa na neno moja tu, kuwaambia watu wasimame. Jamaa akalisema mara tatu, kila mara kwa sauti tofauti, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Hawakuwa wanatucheka sisi. Walikuwa wanacheka kwa sababu yeye alitaka wacheke. Hii tofauti, mtu ambaye hajawahi kuchekwa kwa ajili ya ulimi wake hawezi kuielewa haraka.

Kuanzia hapo Kiingereza kikaanza kuingia. Darasani ukikosea sentensi umekosea mbele ya watu sitini, na jina jipya utalibeba mwezi mzima. Kwenye mazoezi kila mtu anakosea, hata prefekti, na sentensi moja inarudiwa mara thelathini mpaka ikae mdomoni. Hakuna anayehesabu makosa yako, wanataka tu mchezo uendelee. Na kwenye ngoma ilikuwa hivyo hivyo. Shule za Uganda ziko na mashindano ya muziki, ngoma na drama, kila mtu anayaita MDD, na kwa ajili hiyo tulifundishwa tamenhaibuga, ngoma ya Busoga. Kuna pia bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu, ambao UNESCO iliuweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wenzetu Wasoga wengi hawakuwa wamewahi hata kuushika huo mtarumbeta wa kibuyu. Hapo tukawa sawa kabisa, Msoga na Mkongo, wote tunapuliza hewa na kibuyu kinakataa kutoa sauti.

Sasa tufike kwenye lile lililofanya tuandike.

Tukiwa S3 klabu ilitunga mchezo wake yenyewe. Wenzetu wa pale walitaka kusema juu ya Bujagali. Maporomoko ya Bujagali yalikuwa hapo hapo chini kwetu, watu waliamini ndipo anapokaa mzimu wa Budhagali, wazungu walikuja kuyapanda kwa maboti ya mpira. Halafu bwawa la umeme likajengwa, likaanza kazi 2012, na maporomoko yakazama. Kuna watu walihamishwa kando ya mto. Mchezo ulikuwa juu ya mzee mmoja anayeambiwa ahame kwa sababu maji yanakuja, na yeye hataki.

Nafasi ya mzee ikamwangukia mmoja wetu, Mkongo. Wengine walinung'unika: mzee wa Kisoga ataigizwaje na mtu ambaye Lusoga yake imevunjika? Madamu akasema mzee atasema maneno machache. Hakuna aliyemuuliza kijana kama amewahi kuhama kwao. Hakuna aliyemwambia "tumia maumivu yako". Alipewa fimbo, kofia na mlango wa mbao uliosimamishwa katikati ya jukwaa.

Siku ya wazazi ikafika. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa mzee atoke ndani, ashuke, aende. Yeye akatoka, akageuka, akafunga mlango kwa ufunguo, mlango ambao kila mtu ukumbini alijua kesho uko chini ya maji. Akasukuma kidogo kuhakikisha umefungwa. Akaweka ufunguo mfukoni. Ndipo akaenda. Hilo la ufunguo halikuandikwa popote. Nyumbani kwao, Kivu, mama yake alifanya vile vile usiku wanatoka, na ufunguo huo mpaka leo uko kwenye kopo la maziwa pale kambini, na nyumba yenyewe hakuna anayejua kama bado iko na mlango.

Bibi mmoja mbele akasimama akaanza kumjibu kwa Lusoga, kama vile mchezo haupo. Baadaye alimtafuta nyuma ya ukumbi, akamwambia "Kodheyo", hiyo ni salamu ya kumpokea mtu aliyerudi, akamuuliza ni mtoto wa nani hapo kijijini. Akasema ametoka Kongo. Bibi akamwangalia kwa muda, akamkatia nusu ya muwa wake. Basi. Hawakuongea juu ya ukimbizi hata dakika moja.

Sasa linganisheni na hili. Miaka michache baadaye, tumerudi kambini, sisi ndio vijana wa kujitolea, fulana tunazo. Shirika moja (jina haliongezi kitu) likataka drama ya "sauti halisi" kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wanakuja. Tukaambiwa tumtafute msichana aliyepitia mambo, aigize yake mwenyewe. Na sisi, tunaona aibu kuandika hili, sisi ndio tulimchagua. Tulimjua ni shujaa, anaongea vizuri. Alikubali, maana nani atamkatalia mtu wa shirika akiwa anasubiri jina lake litoke kwenye orodha? Katikati ya mchezo akasimama, sauti ikakauka, machozi yakaanza. Wageni wakapiga makofi. Walidhani anaigiza vizuri sana. Sisi pembeni tulijua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeingia jukwaani kumtoa. Hakurudi tena kwenye kikundi. Tukikutana naye kwenye foleni ya maji anatusalimia kwa heshima tu, na heshima hiyo inauma kuliko tusi.

Mtu atasema hayo ni makosa ya siku moja. Sisi tunaona yametoka kwenye mpango wenyewe. Kama drama imelipiwa ili ibebe ujumbe, basi mwigizaji ni boksi la kubebea. Msidhani hatuelewi kwa nini mnafanya hivyo, dada zetu na kaka zetu wa mashirika. Mnaandika ripoti, ripoti inauliza watu wangapi wamefikiwa na ujumbe, haiulizi kama kijana fulani ameanza kuinua macho darasani. Na kuna hoja kubwa zaidi ambayo hatuwezi kuiruka: mwaka 2025 misaada imepunguzwa, watu wengi wameondolewa kwenye mgao wa chakula, na nyinyi vijana mnaongelea maigizo? Ndiyo, tunayaongelea. Kwanza chakula hatujasema kikatwe ili tupewe pazia. Pili, hizo drama za Juni zinalipiwa tayari. Fulana zinachapwa, spika zinakodishwa, soda zinanunuliwa kwa katoni. Tunaomba pesa ile ile ifanye kazi nyingine.

Na wale wanaofikiri maigizo ya shule ni utoto, waangalie wenye nguvu wanavyoyaogopa. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkuu wa National Theatre ya Kampala, aliuawa 1977 wakati wa Amin. Juzi tu, Aprili 2025, wasichana wa Butere kule Kenya walifika Nakuru na mchezo wao Echoes of War, mahakama imeshasema waruhusiwe, na bado polisi wakarusha mabomu ya machozi na wasichana wakaondoka bila kuigiza. Hakuna anayerusha mabomu ya machozi kwa drama ya kunawa mikono.

Tena kuna jambo dogo la pesa linalotuudhi kupita kiasi. Ufadhili wetu Budondo ulilipa ada, yunifomu na madaftari. Klabu haikuwemo. Shule ilipofuzu kwenda mashindano ya mbali, kila mwanafunzi alitakiwa kutoa shilingi 30,000 za safari. Wenzetu walipigia wazazi. Sisi watatu tulibaki bwenini na mashuka yetu, tukasikia usiku lori linarudi na watu wanaimba. Mzee wetu wa ufunguo aliigizwa na mtu mwingine, na kwa kweli alijitahidi. Wafadhili mnaosoma hapa, kwenye ile bajeti ya mwanafunzi ongezeni mstari mmoja wa klabu. Tangu 2020 mtaala mpya wa sekondari uko na sanaa za maonyesho kama somo, kwa hiyo hata ripoti yenu itaeleweka.

Na kwa kambi: tupeni mahali na saa, si karatasi iliyoandikwa tayari. Anayetaka kusimulia yake, asimulie akiwa tayari, kwa mzee mwenye kofia au kwa paka anayeongea kama anataka. Asiyetaka, aigize mfalme. Juni 20 ikifika mkitaka kuona kitu, njooni muone tulicho nacho mwaka huo.

Jumamosi hii saa kumi jioni tunaanza, nyuma ya shule, chini ya mwembe. Mchezo wa kwanza ni juu ya fundi baiskeli aliyemdanganya mkwe wake kwamba ana pikipiki. Hakuna mkimbizi ndani yake. Yule dada tumemtumia ujumbe kumwomba msamaha, hatujamwomba aigize, tumemwambia tu tuko pale. Bado hajajibu. Atakayewahi kufika atusaidie kubeba mabenchi.