Kazi ya Tovuti Isile Usiku Wote



Ndugu wazazi na vijana, leo tuzungumzie kazi ya kutengeneza tovuti. Sisi walimu wa madrasa huulizwa mara kwa mara: "Maalim, huyu kijana yuko mbele ya kompyuta tangu magharibi mpaka alfajiri, kweli hii ni kazi?" Tunajibu kwamba ni kazi, tena ya halali akiifanya kwa uaminifu. Swali letu ni jingine: kwa nini iwe mpaka alfajiri?

Vijana wengi wanaamini kuwa asiyekesha hafiki mbali. Basi tumtazame mmoja aliyefika mbali. John Resig, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1984, alitoa jQuery mwaka 2006, mwaka uleule aliomaliza chuo. Hiyo ni programu inayomwezesha fundi wa tovuti kuandika mistari michache, na tovuti ikafanya kazi sawasawa katika vivinjari mbalimbali, jambo lililowasumbua sana mafundi wa wakati ule. Akaigawa bure, ikaenea katika tovuti nyingi mno duniani. Akafanya kazi Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kisha mwaka 2011 akahamia Khan Academy, taasisi inayotoa masomo bure kwa njia ya intaneti.

Nje ya ajira alipenda picha za kale za Kijapani, zinazochapwa kwa mbao zilizochongwa. Mwaka 2012 akafungua tovuti ya Ukiyo-e.org, inayokusanya zaidi ya picha 200,000 za aina hiyo kutoka makumbusho mbalimbali na kuzilinganisha kwa kompyuta.

Lakini kazi hizi za pembeni zilimlemea. Alikuwa akiziachia mwisho wa wiki, akitaraji kumaliza mengi kwa siku mbili. Hayakuisha, na wiki ikipita hukumbuki tena ulipoishia. Mwaka 2014 alieleza sharti alilojiwekea: kuandika kila siku, walau nusu saa, na kumaliza kabla ya saa sita usiku. Akiwa na matembezi jioni, huifanya mapema kabla ya kuanza kazi ya mwajiri. Kazi zikasonga, wasiwasi ukapungua, na mwisho wa wiki ukaacha kumwelemea. Hakuficha kwamba baadhi ya mambo mengine aliyoyapenda yalipungua. Kila mpango una gharama yake.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Tumefundishwa kuwa amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo, na kwamba mwili una haki yake na jamaa wana haki yao. Madrasa zetu ni ushahidi. Mtoto anayehifadhi aya chache kila siku hufika, na anayetaka kumeza juzuu nzima kwa usiku mmoja huamka hana kitu.

Atasema kijana: "Maalim, mteja wangu yuko New York. Yeye akianza kazi asubuhi, huku ni alasiri." Ni kweli, na ndiyo sababu saa zikubaliwe tangu siku ya mapatano. Mwambie mteja utapatikana saa ngapi, na umpe tarehe unayoiweza. Kinachomfukuza mteja ni ahadi isiyotimizwa, na fundi aliyekesha siku tatu hukosea, akarudia kazi ileile bila malipo.

Nanyi wazazi, msikimbilie kuchomoa waya wa umeme. Mkimkatia kijana kazi katikati mnamvunjia ahadi kwa mtu mwingine. Mwulizeni anatengeneza nini, kwa ajili ya nani, na lini itakwisha. Kisha mkubaliane naye saa ya kufunga kompyuta, na mlo mmoja kwa siku ambao hatakosekana.

Ufundi huu hubadilika haraka. Anayeuanza leo atalazimika kujifunza mapya kila mwaka, kwa miaka mingi. Safari ndefu namna hiyo haiendwi mbio. Tunataka vijana wetu wafike wakiwa na ujuzi, na macho yao yakiwa mazima, na wazazi wao wakiwa bado wanazijua sauti zao.

Wabillahi tawfiq.