UZAZI WA MPANGO NI KAZI YA WATU WAWILI



Leo hatuandiki habari za mbolea wala za soko la tumbaku. Tunaandika habari za ndani ya nyumba zetu. Wengine watasema Katibu sasa ameingilia mambo ya chumbani. Lakini mtoto akishazaliwa halelewi chumbani. Anakula chakula cha shamba, anasoma shule yetu, anatibiwa zahanati yetu. Kwa hiyo ni jambo la kijiji kizima.

Msimamo wetu ni huu: mume na mke, na hata wanaokaa kinyumba bila ndoa, wapange pamoja wazae lini na wazae wangapi. Na mwanaume naye aende kliniki.

Kwanza, tuangalie hesabu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoani Tabora. Sensa ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Miaka 10 tu, watu zaidi ya milioni moja wameongezeka. Wengine wamehamia na mifugo yao, wengine tumewazaa wenyewe. Ardhi je, imeongezeka? Kuni za bani tunazifuata mbali kila msimu.

Pili, wapo wanaosema watoto ni mikono ya shambani. Sawa, tumbaku inataka mikono. Lakini kila mikono miwili inakuja na tumbo lake, daftari lake na homa yake. Na pesa ya tumbaku tunaijua, inakuja mara moja kwa mwaka. Mwaka 1969, akieleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alitukumbusha kutazama uwezo wa kulea, tusihesabu idadi peke yake.

Tatu, eti ni mambo ya kigeni. Hapana. Wazee wetu walipisha watoto: mama alinyonyesha muda mrefu, baba akakaa mbali, wengine wakafunga mapigi kiunoni. Pigi halizuii mimba, lakini nia ilikuwa hii hii. Wazee hao hao walikuwa wapagazi wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, iliyopita hapa Unyanyembe. Mzigo wa mtu ulikuwa kilo 30 hivi. Hata mpagazi hodari alikuwa na kipimo. Leo mama ana mtoto mgongoni, mwingine tumboni, ndoo kichwani na jembe mkononi. Hicho ni kipimo gani, ndugu zangu? Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine.

Njia zipo, na katika zahanati za serikali hutolewa bure. Vidonge humezwa kila siku. Sindano huchomwa kila miezi 3. Kijiti cha mkononi hukaa miaka 3 hadi 5, na kitanzi hukaa zaidi ya hapo. Kondomu peke yake ndiyo inayokinga mimba na UKIMWI pia. Kufunga uzazi kwa mwanaume siyo kuhasiwa kama ng'ombe. Nguvu zinabaki pale pale. Aliyeacha sindano anaweza kuchelewa miezi kadhaa kushika mimba, na huo siyo utasa. Akipata damu nyingi au kichwa kuuma, arudi kwa mganga wa zahanati abadilishiwe njia. Asirudi kwa jirani kupewa uvumi.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Wapo akina mama wanaoficha kadi ya kliniki kwa mama zao, kwa sababu baba akiiona ni ngumi. Kadi ile siyo ushahidi wa uzinzi. Ni ushahidi kwamba mama anafikiria chakula cha watoto waliopo. Anayempiga mkewe kwa kadi anapiga nyumba yake mwenyewe.

Na ninyi mnaokaa kinyumba, msijifiche nyuma ya neno "hatujaoana". Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika kama mume na mke, huhesabiwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Siyo halali kumchukua binti wa watu wakati wa kupanda, na soko likifungwa ukamwachia tumbo.

Mabadiliko yanawezekana. Katika utafiti wa taifa wa 1991/92, wanawake 7 tu kati ya 100 walioolewa au wanaoishi na mwanaume walitumia njia za kisasa. Mwaka 2022 walikuwa 31. Hao wengine wengi, je, wameulizwa na waume zao wanataka nini?

Tunapendekeza mkutano ujao wa ushirika umwalike mhudumu wa zahanati aseme na wanaume, kabla ya hesabu za malipo, watu wakiwa bado wapo. Kila mmoja aje na mwenzake. Atakayewacheka, tutamwomba asimame atueleze yeye analeaje.

Katibu wa Chama, Tawi