Kijivu Kimetufikisha Hapa: Nyumba ya Mama Muleba Sio Studio ya Insta

Wadau, msinipige mawe mapema. Leo naongelea rangi.

Kuna video moja ilizunguka sana msimu wa Krismasi na najua wengi wenu mliilaiki. Staa mmoja wa Dar, jina kapuni, ila asili yake ni Muleba na mwenyewe hafichi, alituonyesha mjengo aliomkarabatia mama yake kijijini. Kamera inaingia getini: bati la msauzi jeusi, ukuta wa kijivu. Ndani kijivu. Sofa kijivu, mapazia kijivu, malumalu meupe yanayong'aa kama kioo. Dari la jipsamu lina taa za bluu pembeni, na nyuma ya TV kuna mbao bandia za PVC, nyeusi tii. Mama mwenyewe anaonekana kama sekunde tatu hivi. Amekaa kwenye ukingo wa sofa, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini.

Komenti zilikuwa makopa na moto tu. "Mama anakula maisha." "Mungu nipe na mimi." Hata mimi nililaiki. Lakini yule mama kwenye ukingo wa sofa hakunitoka kichwani, kwa sababu ule mkao naujua. Mama yangu naye alianza kukaa hivyohivyo, na aliyemfanya akae hivyo ni mimi.

Ngoja niseme ya kwangu kabla sijasema ya watu. Nyumbani ni nje kidogo ya Bukoba mjini. Sebule ya mama ilikuwa ya kizamani: ukuta wa chini rangi ya mafuta, damu ya mzee, juu krimu iliyochoka. Sakafu ya saruji nyekundu. Ukutani picha za ubatizo, picha ya harusi yao na baba, kalenda ya parokia ya miaka minne iliyopita ambayo haitoki kwa sababu picha yake ni nzuri. Sisi watoto tukaona aibu. Tukachanga milioni mbili na ushee, tukaleta fundi, tukamwonyesha picha kwenye simu. Akapiga skimu, akapaka kijivu cha silki, tukatandika zulia jeupe. Picha za ukutani tukaziweka kwenye boksi "kwa muda".

Fundi alianza wiki ya kwanza ya Desemba, akamaliza tarehe 22. Tarehe 24 nikaposti. Nilikula laiki mpaka nikajiona mbunifu.

Kufikia Pasaka, ukuta wa upande wa mvua ulikuwa umevimba kama andazi. Ukibonyeza kwa kidole, unga unamwagika. Nyuma ya kabati kukaota ukungu mweusi. Nikampigia mama kumpa pole, akanijibu taratibu: "Mwanangu, rangi yenu ni nzuri. Ila haitaki mvua."

Na hapo ndipo penye shida yetu yote. Sisi tunachagua rangi kwenye simu, na simu hainyeshewi.

Tuongee ukweli kuhusu mvua. Bukoba inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Dar ni kama 1,100, Dodoma haifiki hata 700. Ziwa Victoria lipo mlangoni, na hata Julai, mwezi mkavu kuliko yote, mvua bado hupiga hodi. Sasa chukua nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma, ambayo mara nyingi haikuwekewa nailoni juu ya msingi. Maji yanapanda kutoka ardhini kwenye ukuta kama mafuta kwenye utambi. Miaka yote yalikuwa yanatoka polepole kupitia plasta. Wewe unakuja unaziba kwa skimu na rangi ya silki ambayo haipumui. Maji hayaondoki kwa sababu umeyafunika. Yanasukuma. Rangi inavimba, inapasuka, inabanduka, halafu fundi analaumiwa, dukani wanalaumiwa, na wengine wataanza hata kumtafuta mchawi.

Halafu kuna huu ugonjwa wetu wa Desemba. Wahaya tunajuana: Krismasi lazima mtu arudi nyumbani, na akirudi nyumba iwe inawaka. Kwa hiyo karibu kila mtu anapaka rangi Novemba na Desemba, katikati kabisa ya mvua za vuli. Plasta mpya inataka kama wiki nne za kukauka kabla haijaguswa na rangi, na hizo ni wiki nne za hali nzuri ya hewa. Sisi tunaipa siku sita kwa sababu tiketi ya basi imeshakatwa. Fundi mwenyewe anajua. Anakuangalia, anaona una haraka na una hela, ananyamaza.

Nje ya nyumba ni hivyohivyo. Umewahi kujiuliza kwa nini wazee walipaka nyumba rangi mbili, chini ugoro au damu ya mzee, juu nyeupe au krimu? Tulidhani ni ushamba. Nenda Kamachumu au Nshamba wakati wa masika usimame barazani dakika kumi. Tone linaanguka kutoka kwenye bati, linapiga udongo, udongo mwekundu unaruka mpaka magotini. Ule mkanda wa chini uliwekwa kwa ajili ya hilo tope. Unaficha doa na unapakwa upya peke yake kwa kopo moja dogo. Nyumba zetu mpya za kijivu na nyeupe kutoka juu hadi chini zinapendeza siku ya video. Mwezi wa nne zinaonekana zimevaa soksi za tope.

La tatu ni zito zaidi, na hapa naomba msicheke. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitupiga Kagera. Tulizika watu. Nyumba nyingi zilianguka, na nyingi zilizobaki zimesimama zilibaki na nyufa. Leo mtu ananunua PVC au karatasi ya ukutani ya kubandika, anafunika ukuta mzima, na ule ufa wa 2016 unalala humo ndani hakuna anayeuona tena. Kabla hujafunika ukuta wowote wa mzazi wako, uangalie ukiwa uchi. Ukiona ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, na unapanuka kiasi cha kuingia ukingo wa sarafu, hiyo sio kazi ya mpaka rangi. Mwite mtu wa ujenzi. Trendi itasubiri.

Sasa njoo kwenye kichekesho chenyewe. Hiki kijivu tunachokufia, wenye trendi walishakiacha. Pantone, ile kampuni ya Marekani inayotangaza rangi ya mwaka, mwaka 2021 ilichagua kijivu na njano. Mwaka 2025 ikachagua Mocha Mousse. Ni nini? Kahawia. Rangi ya kahawa na chokoleti! Dunia nzima ikaanza kuimba rangi za udongo, na sisi watu wa Kagera, mkoa wa kahawa, tuko juu ya ngazi tunafuta kahawia ya mama tupake kijivu. Na 2026 wamegeukia nyeupe, wameipa jina Cloud Dancer. Haya, mwenye udongo mwekundu na ajaribu.

Hesabu wewe mwenyewe: rangi zao zinabadilika kila mwaka, na nyumba ya mama inapakwa mara moja kwa miaka kumi. Huwezi kushinda hiyo mbio. Ukifika wao wameshaondoka.

Na sio rangi tu. Chokaa, ile ya kupaka kwa brashi ya katani ambayo tulisema ni ya mashule ya msingi, sasa hivi ndiyo fenisha ya juu huko Ulaya na Marekani. Watu wanalipa pesa nyingi ukuta uonekane una mawingumawingu. Na kwa kuta zetu za zamani chokaa ina faida ambayo silki haina: inapumua, unyevu unatoka.

Michoro je? Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara unaingia Kirehe, Rwanda, kwenye chimbuko la imigongo: matuta ya pembe na mistari yanayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha yanapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Leo utaikuta kwenye kuta za hoteli na kwenye nyumba za watu wenye ladha zao. Kitambaa cha gome la mti, ambacho mababu zetu Wahaya walivaa kabla ya pamba kufika, wenzetu wa Buganda wamekitunza mpaka UNESCO ikakitambua, na wabunifu wa Ulaya wanakitumia kwenye taa na kuta. Sisi tunabandika karatasi yenye picha ya matofali bandia juu ya ukuta wa tofali la kuchoma la kweli. Hapo ndipo tulipofika.

Najua mtasema, "Kwa hiyo wewe unataka wazee wabaki na sakafu za udongo ili nyinyi mpige picha za utamaduni?" Hapana. Mama anastahili malumalu kama anayataka. Anastahili choo cha ndani, bati lisilovuja, jiko lisilomtoa machozi. Mtu aliyetoka jasho Kariakoo akamjengea mzazi wake ana baraka zake, na yule staa wetu namvulia kofia kwa kukumbuka nyumbani. Wengi wenye hela kuliko yeye hawajapeleka hata mfuko mmoja wa saruji.

Ninachouliza ni kimoja: ulimuuliza?

Maana kilichoniuma kwenye sebule yetu sio ule ukuta kuvimba. Ukuta unakwanguliwa. Kilichoniuma ni jumuiya. Kila wiki jumuiya ndogondogo inasali nyumba kwa nyumba, na ikifika zamu ya mama, sebule ilikuwa inajaa mpaka watoto wanakaa mlangoni. Baada ya ukarabati wetu, wale kina mama walifika siku moja na tope la masika miguuni, wakaona zulia jeupe, wakasimama mlangoni. Mmoja akasema, "Waitu, sisi tutakaa jikoni." Wakasalia jikoni. Zamu iliyofuata hawakuuliza tena, walipitiliza nyuma moja kwa moja. Mama hakuniambia. Nimeambiwa na jirani, miezi mitano baadaye.

Kwenye mushonge, nyumba ya Kihaya ya zamani, sakafu ilitandazwa nyasi na mgeni alipewa kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna. Zile nyasi zilikuwa mapambo, na zilikuwa za kukaliwa. Sisi tumeleta mapambo yanayomwambia mgeni asikae.

Basi kwa anayejiandaa kukarabati, chukua haya ya bure. Fanya kazi Juni hadi Agosti, sio Desemba. Tafuta maji yanatoka wapi kabla hujanunua kopo la rangi. Ukuta wa zamani upe kitu kinachopumua. Nje acha mkanda wa rangi ya giza chini. Trendi iweke kwenye vitu vinavyobebeka: mito ya sofa, mapazia, mkeka, fremu za picha. Ikipita, unabadilisha kwa laki moja na maisha yanaendelea. Na kabla ya yote keti na mwenye nyumba, mpe sampuli tatu, halafu nyamaza umsikilize.

Sisi tulirudi Julai. Tukakwangua skimu yote, tukaacha ukuta ukauke wiki tatu, tukapaka chokaa iliyotiwa udongo kidogo ikatoka rangi kama maziwa ya chai. Chini mama alichagua mwenyewe. Damu ya mzee. Nilijaribu kumshauri kahawia ya mocha, akaniangalia tu. Zulia nimekuja nalo Dar. Picha zote zimerudi ukutani, na ile kalenda ya parokia pia.

Sijaposti. Sebule ile ikiwa na jumuiya ndani haipigiki picha, imejaa mno.

Haya, zamu yenu. Nani mwingine amemchagulia mama yake rangi bila kumuuliza? Semeni ukweli, hapa hatuhukumiani.