SEHEMU YA 4: Muziki mnauogopa, mtoto hamumsikilizi

Nimetoka zamu, miguu imevimba, lakini hili silali nalo.

Tangu nianze hizi posti za watoto wanaobalehe, inboksi imejaa swali moja: "Nesi, mwanangu anasikiliza rock, zile za kupiga makelele, nimfanyeje?" Mama mmoja kashafuta nyimbo zote kwenye simu ya kijana wake, eti muziki wa shetani. Kanitumia na picha ya kava kama ushahidi. Ni albamu ya kwanza ya Korn, bendi ya Marekani kutoka Bakersfield, California. Ilitoka Oktoba 1994, ikapewa jina la bendi yenyewe.

Haya, tuiangalie hiyo kava. Mtoto wa kike yuko kwenye bembea, kakinga macho kwa mkono. Mbele yake, pale chini, kimelala kivuli cha mtu mzima. Sura huioni. Wewe umeona ushetani, mimi nimeona kitu ninachokutana nacho kazini.

Mwimbaji wao, Jonathan Davis, alikuwa mtoto wa pumu, wa kulazwa lazwa hospitali. Na utotoni alifanyiwa ukatili wa kingono. Akaenda kuwaambia wazazi. Wakadhani anadanganya, anatania, ikaishia hapo. Haya kayasema mwenyewe hadharani. Wimbo wa mwisho wa albamu unaitwa "Daddy", ndiyo maana wengi walidhani mkosaji ni baba yake. Siye, alishakanusha, alikuwa mtu mwingine. Wakati wa kurekodi alishindwa kujizuia, akalia kilio cha kweli. Wenzake waliendelea kupiga, na mtayarishaji, Ross Robinson, hakuzima mashine. Kilio hicho kimo kwenye albamu mpaka leo. Kwa miaka mingi wimbo huo hawakuupiga jukwaani.

Sasa niambieni, tatizo hapo ni gitaa?

Sisemi umpe mtoto wa miaka 8 albamu hii. Ina matusi na mambo mazito, usimpe. Mimi mwenyewe siipendi, wimbo wa pili tu kichwa kinaniuma. Lakini kijana wa miaka 16 anayerudia rudia wimbo kama ule, usimnyang'anye simu. Kaa naye, muulize anapenda nini humo. Huenda ni ngoma tu. Huenda siyo.

Kinachonikera ni hiki: mama huyo huyo anayefuta nyimbo, mtoto akisema "sitaki kwenda kwa anko", anamjibu "acha deko, nenda kamsalimie." Nimekaa na kina mama usiku wodini wakiniambia, "Alishaniambia, nikajua anatunga." Siwahukumu, wamelia vya kutosha. Nakusema wewe ambaye bado hujafika huko.

"Ooh, watoto waongo." Ndiyo, wanadanganya nani kamaliza sukari. Lakini mtoto wa miaka 6 anayekueleza mambo ya chumbani hatua kwa hatua, kayatoa wapi?

Akikwambia, usimfokee, usimwite mtuhumiwa waulizwe pamoja, na lile swali la "mbona hukusema mapema" limeze. Mwambie, "Nakuamini, na hujakosea kuniambia." Kama ni la siku hizi hizi, usimwogeshe, nguo usizifue, zibebe uje nazo. Mlete hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema ni bora zaidi. Usisubiri kikao cha ukoo! Kama ni la zamani, mlete vilevile. Mlioko Tanzania na Kenya, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure.

Na wewe mama wa kava, mrudishie kijana nyimbo zake leo, kaeni msikilize wote. Kesho niandikie alichokwambia, nipo zamu ya mchana, nitakujibu jioni.