Likizo hii shika ndoana, acha kulalamika

Nilikuwa likizo nyumbani Ifakara, sasa nimerudi mjini na kuna jambo linanichoma moyoni. Nitalisema hata kama kuna watakaonuna.

Nianze na swali. Wewe msomi mwenzangu, uliyemaliza Mlimani au kwingineko, ukipewa likizo ya wiki mbili huwa unafanya nini? Najua. Unakaa baa unaangalia mpira wa Uingereza, na mwenye nazo kidogo anavuka kwenda Zanzibar kupiga picha Forodhani. Mtu akikwambia "twende tukavue samaki" unacheka mpaka machozi. Kuvua kwa ndoana? Si kazi ya watoto watoro wa shule na wazee waliostaafu hiyo?

Sasa wakati wewe unacheka, wapo watu wanaotoka Ulaya, Marekani na Afrika Kusini, wanapanda ndege ndogo mpaka kwenye pori la bonde letu, kwa ajili ya kurusha ndoana tu. Wanakwenda mito ya Mnyera na Ruhudji, ile ile inayokwenda kuufanya mto Kilombero. Kwa wiki moja mtu analipa maelfu ya dola. Anayetafutwa ni yule samaki mwenye mistari myeusi ubavuni na meno yaliyotokeza nje ya mdomo, wenyewe wanamwita tigerfish. Akikamatwa anapigwa picha, kisha anarudishwa majini akiwa hai. Jina lake la kisayansi, alilopewa mwaka 1986, ni Hydrocynus tanzaniae. Samaki ana jina la nchi yetu, na wewe mwenye nchi hujawahi hata kumwona!

Sina ugomvi na wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugomvi wangu ni na sisi wenyeji tusiotaka kupona.

Kabla hamjasema najifanya mjuaji, ngoja nijitaje mwenyewe. Kuna wakati niliandika habari kuhusu wavuvi haramu wa bonde la Kilombero. Niliiandika nikiwa nimekaa kwenye kiti Dar es Salaam, kwa kupiga simu mbili na kusoma taarifa moja. Nikawaita wavuvi "wasiojali mazingira". Habari ikatoka, nikasifiwa, nikaendelea na mambo mengine.

Likizo hii mjomba wangu akanichukua kwenda Kivukoni, pale zamani kulipokuwa na pantoni kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018. Yeye anavua kwa mshipi toka ujana wake. Tulikaa kando ya mto, mbali kidogo na daraja, toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka jua lilipokuwa kali. Tulipata perege watatu na kambale mmoja. Mjomba akawatazama kwenye ndoo, akasema, "Mjomba, zamani hawa ningeona haya kuwapeleka nyumbani."

Upande wa chini yetu walikuwepo vijana wawili wanakokota kitu kwenye maji ya kina kifupi. Nilipotazama vizuri nikagundua ni chandarua. Chandarua cha mbu! Kwenye ndoo yao walikuwemo samaki wadogo kama kucha, mamia. Nikataka kuwafokea. Mjomba akanishika mkono. "Waulize kwanza nyavu halali inauzwa shilingi ngapi," akasema. "Halafu uliza mara ya mwisho nani alikuja hapa kuwafundisha kitu kingine." Nilinyamaza, maana hata mimi sikuwahi kuja.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Bonde hili hili la Kilombero na Ulanga ni miongoni mwa sehemu zilizoionyesha dunia kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa watoto. Mradi wa KINET ulianza hapa mwaka 1996, vyandarua vikauzwa kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2001 ilionekana kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Leo chandarua kile kile kinazolea vifaranga vya samaki kabla havijakua wala kuzaa. Na ile dawa inayoua mbu ni sumu kali kwa samaki pia. Mtoto tuliyemwokoa na malaria tunamnyima kitoweo.

Mtauliza, sasa msomi na kindoana chake ataokoa mto? Swali zuri. Peke yake hawezi. Lakini mto unaojulikana na mwenye njaa na mtalii peke yao hauna wa kuusemea. Mwenye njaa hasikilizwi, na mtalii ana ndege ya kurudi. Wewe mwenye kazi benki, wizarani, shuleni au gazetini unasikilizwa, lakini huna la kusema kwa sababu hujakaa ukingoni hata asubuhi moja. Tulibishana miaka mingi vijiweni kuhusu bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Wangapi tulijua kwamba zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka Kilombero? Wangapi tulijua kwamba tambarare hii iliingizwa mwaka 2002 kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu? Mtu akivua kila mwaka mahali pale pale, ataona mwenyewe kama maji na samaki vinapungua. Hahitaji semina.

Kuanza nako siyo kazi ngumu. Unahitaji mshipi, ndoana chache ndogo, chubwi (hata nati kuukuu inafaa) na ufito au mwanzi. Chambo ni minyoo. Kambale hata kipande cha sabuni anameza, watoto wa Ifakara watakuonyesha. Ukimtaka yule mwenye meno, funga kipande cha waya kati ya ndoana na mshipi, la sivyo atakata na kuondoka na mali yako. Ni mshipi ule ule wanaotupa wenzetu wa Pwani kutoka ukutani Forodhani au mchangani Kigamboni, ila kule chubwi huwa nzito zaidi kwa sababu ya mawimbi, na chambo huwa kamba au ngisi. Ukijifunza mtoni, baharini hutakuwa mgeni.

Masika waache, samaki wanasambaa kwenye mafuriko kuzaliana. Njoo kuanzia Juni, maji yanapopungua. Usiingie majini wala usichuchumae ukingoni kabisa, Kilombero ina mamba na viboko, na mamba anakariri mtu anayerudi pale pale kila siku. Nenda na mwenyeji. Wandamba wameishi na mto huu vizazi na vizazi, mlipe mmoja akuongoze na mtumbwi wake, hiyo ndiyo hela inayobaki kijijini. Pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize kibali, maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, na sehemu ya bonde tangu 2023 ni pori la akiba, huingii kiholela. Samaki mdogo mrudishe. Usiku lala ndani ya chandarua, ndiyo kazi yake!

Kuna atakayesema mimi nataka kuwaongezea wavuvi maskini washindani. Hapana. Perege watatu wa likizo hawamalizi mto. Kinachoumaliza ni ile nyavu ya vifaranga, na itaendelea kukokotwa mpaka wenye sauti waje kuiona kwa macho yao, halafu wadai vijana wale wapate nyavu halali kwa bei wanayoiweza. Nami ile habari yangu nitaiandika upya, safari hii nikianza na swali la mjomba.

Nauli siyo kisingizio. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro mwaka 2024, kutoka hapo ni basi kupitia Mikumi na Kidatu. Mwenye muda aulizie treni ya TAZARA. Jioni kuna wali wa Ifakara na perege wako mwenyewe.

Mimi narudi mwezi wa saba. Mjomba ameagiza ndoana na waya. Nani tunakwenda naye?

Naomba kutoa hoja.