Faini na Toba Barabarani



Wapendwa Taifa la Mungu, barabara ya Mombo hadi Lushoto, kupitia Soni, ni ya kilomita zipatazo 32 tu. Lakini kwenye kona zake nyingi upande mmoja ni mwamba na wa pili ni korongo. Kosa la sekunde moja laweza kuacha wajane na yatima. Je, faini za barabarani zinatulinda? Na je, ni za haki?

Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Yupo atakayesema kosa ni kosa. Hata hivyo, Bwana wetu alipomtazama mjane maskini hekaluni (Mk 12:41-44), alitufundisha kupima sadaka kwa kile kinachobaki mkononi mwa mtoaji. Shilingi 30,000 kwa mwenye basi ni gharama ndogo ya safari. Kwa kijana wa bodaboda ni chakula cha nyumba nzima. Nchini Finland, faini ya mwendo kasi uliokithiri hukadiriwa kwa kipato cha mkosaji.

Lakini haki haiishii hapo. Kijana huyo hukimbia kwa sababu jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki. Mara nyingi faini huishia mfukoni mwake yeye, naye aliyepanga hesabu amekaa nyumbani salama. Tena, faini ikigeuzwa "kitu kidogo" kisicho na stakabadhi, haimwonyi mtu. Humfundisha kwamba sheria ina bei.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2290) inafundisha kwamba anayehatarisha maisha barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Hatia hiyo haifutwi na stakabadhi. Katika Sakramenti ya Kitubio, malipizi hayatengani na kusudi la kutorudia dhambi. Vivyo hivyo, faini inayolipwa asubuhi na kosa likarudiwa jioni imegeuka ushuru.

Basi, faini na iwe ya uhakika, yenye stakabadhi, nayo imguse pia mwenye chombo. Wamiliki, punguzeni hesabu siku za mvua na ukungu. Abiria, tuache kumsifu dereva anayekimbia, tumwambie mapema, "Mwanangu, taratibu." Onyo hilo halina gharama, na laweza kuokoa roho.

Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, atuombee.

Padre wenu.