Farasi wa Mara ya Sita



Wapendwa, mbio za farasi za kuruka viunzi zina asili iliyo karibu na kanisa kuliko wengi wanavyodhani. Mapokeo yasimulia kwamba mwaka 1752, katika kaunti ya Cork huko Ayalandi, waungwana wawili walishindana kwa farasi kutoka mnara wa kanisa la Buttevant hadi ule wa Doneraile, yapata maili nne, wakiruka kuta na mitaro iliyowakabili. Mnara ulifaa kwa kuwa ulionekana toka mbali. Hata aliyekuwa bondeni, amejaa matope, alijua aelekee wapi.

Mashindano mashuhuri ya aina hiyo ni Grand National, yafanyikayo Aintree, Liverpool, nchini Uingereza. Huko alikimbia Frigate, farasi jike kutoka Ayalandi. Mwaka 1884 alikuwa wa pili. Mwaka 1885, wa pili tena. Miaka miwili iliyofuata hakushika nafasi ya kutajwa. Mwaka 1888 akawa wa pili kwa mara ya tatu. Ndipo mwaka 1889, akiwa na Tommy Beasley mgongoni, akashinda. Ilikuwa mara yake ya sita.

(Hatusemi haya ili kumtia mtu hamu ya kubeti. Katekisimu haiiti michezo ya bahati dhambi kwa yenyewe, lakini fedha ya chakula cha watoto haina ruhusa ya kwenda huko.)

Tunamkumbuka Frigate kwa ajili ya waamini tuliowakosa kitubioni kwa miezi mingi. Hoja yao ni moja: dhambi ni ile ile, pombe ni ile ile, ugomvi wa nyumbani ni ule ule, kurudi tena ni kumfanyia Mungu mzaha. Hatukubaliani nayo. Mzaha ni kuungama pasipo nia ya kuacha. Aliyekuwa na nia hiyo kisha akaanguka, hakusema uongo alipoahidi. Alikuwa dhaifu, na sakramenti iliwekwa kwa ajili ya walio dhaifu. Petro alipouliza idadi ya kumsamehe ndugu, Bwana alimpa hesabu inayomshinda mtu kuiweka daftarini. Je, aliyetudai sisi hivyo atajiwekea Yeye kipimo kidogo zaidi?

Mfano wetu una kikomo, tunakiri. Frigate alipelekwa Aintree na mwenye mali. Mkristo haongozwi kwa hatamu, yampasa kuinuka na kwenda kwa miguu yake. Tena kule mshindi ni mmoja, na wa pili hurudi nyumbani na huzuni. Kitubioni hakuna anayempita mwenzake.

Jumamosi tutaketi kitubioni kuanzia saa kumi jioni hadi mtu wa mwisho. Anayeona haya kwa kuwa tunaijua sauti yake, na aende parokia ya jirani; hatutauliza.